Jina Lililokatwa kwa Penseli

Karatasi ya majina ilifika kwa wapiga chelo saa nne na robo, wakati wa mapumziko ya asubuhi, na Lamria akaiona ikiwa bado mikononi mwa mtu wa stendi ya nota ya mbele.

Kila mwaka, siku kumi kabla ya msimu wa maonyesho kufunguliwa, Ci Meilan, dada wa Kichina wa ofisini, huizungusha karatasi hiyo ukumbini. Kila mpigaji hulitazama jina lake lilivyoandikwa, maana hivyo ndivyo litakavyochapwa kwenye kitabu cha msimu, akasahihisha kama kuna kosa, akatia saini pembeni. Husahihisha kwa penseli, kwa sababu wapiga orkestra hawana kitu kingine cha kuandikia. Kiongozi wa leo atataka uta wa chelo upande juu, wa kesho atataka ushuke, alama lazima zifutike, na nota ni za maktaba, si za mama yako. Mtu akionekana na kalamu ya wino karibu na stendi, atasemwa mpaka ajute.

Basi mwaka huu orkestra nzima ya jiji la Medan ilikuwa ikicheka na kugombana juu ya karatasi ile kama kawaida yake. Mmoja jina lake lilikosa herufi. Mwingine alikuwa ameolewa tangu mwezi wa nne na alitaka dunia ijue. Mzee Bungaran, yule wa besi kubwa, aliichungulia juu ya bega la Lamria akasema kwamba chelo za stendi ya tatu zina bahati, ndugu wawili wa damu moja, hata nota wanachangia, bado sahani tu.

Lamria alicheka, kwa sababu asingecheka angeulizwa. Aliyeketi kando yake hakucheka.

Majina yao yalikuwa yamefuatana, moja chini ya jingine. Lamria Sihotang. Widagdo Sihotang. Ungeyatazama ungesema kweli, hawa walinyonya ziwa moja.

Lakini Widagdo hakuwa Sihotang wa kuzaliwa, wala hakuwa Mbatak, kabila la akina Lamria. Alikuwa Mjawa wa Muntilan, kisiwani Java, kijana mpole mwenye vidole virefu, aliyelelewa na bibi yake baada ya wazazi kufariki angali mdogo. Alikuja Medan na begi moja, chelo moja na jina moja, kama Wajawa wengi walivyo. Mwaka wake wa kwanza, kwenye kitabu cha msimu, katikati ya majina marefu ya Kibatak yenye ukoo nyuma yake, lilikaa hilo Widagdo peke yake, na wenzake walimtania kwamba hata paka wa Medan wana ukoo.

Kisha orkestra ikaenda kupiga Balige, ufukweni mwa Ziwa Toba. Widagdo alipewa kipande cha kupiga peke yake. Mstari wa mbele alikuwapo Mzee Parlindungan Sihotang, karani mstaafu wa bandari, mtu mzito wa maneno na mwepesi wa machozi, ambaye Mungu alimpa binti mmoja na hakumpa mtoto wa kiume. Alilia tangu mwanzo wa kile kipande mpaka mwisho. Baadaye akaulizia kijana yule ni wa nani. Akaambiwa si wa mtu. Mwezi haukuisha, mzee akawaita wazee wa ukoo, akachinja, akamfunika Widagdo mabegani kwa shuka la ulos mbele ya watu wote, akasema kuanzia leo huyu ni mwanangu, ni Sihotang.

Binti mwenyewe, Lamria, hakuwapo. Alikuwa masomoni Ulaya. Alirudi miezi minane baadaye, akafanya mtihani wa kuingia orkestra, akashinda, akapewa kiti, na kiti chenyewe kilikuwa stendi ya tatu, kando ya Widagdo.

Sasa mtu wa nje hawezi kujua stendi moja ya nota ni ndogo kiasi gani. Watu wawili wanasoma karatasi moja. Anayekaa upande wa watazamaji hapumziki, anapiga tu. Anayekaa ndani ndiye anayegeuza ukurasa. Anaacha kupiga kidogo, ananyoosha mkono mbele ya mwenzake, anageuza, anarudi. Widagdo ndiye aliyekaa ndani. Kila asubuhi alifika mapema akakunja pembe ya chini ya kila ukurasa, ili ukurasa usimkwame vidoleni na Lamria asikose hata nota moja. Hakuwahi kumwambia kwamba anafanya hivyo. Lamria aligundua mwenyewe mwezi wa tatu, na siku ile alikwenda nyumbani akiwa amekwisha kwa mapenzi.

Kati ya Wabatak, mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja huitana ito. Ni neno la kaka na dada, na anayeitwa hivyo haoleki na anayemwita, hata kama damu zao hazijawahi kukutana tangu Adamu. Lamria hakuwahi kumwita Widagdo ito hata siku moja. Alimwita Mas, kama wanawake wa Kijawa wanavyowaita kaka zao na waume zao, na kila alipolitamka alijua yeye ana maana ya hao wa pili.

Jumapili iliyopita walikwenda kumwambia mzee.

Walikula kwanza. Mamak, mama yake Lamria, alikuwa amepika samaki wa arsik, wa viungo vya kwao, na Widagdo alisifia mpaka akamaliza sifa zote anazozijua. Mzee Parlindungan aliwaangalia. Kisha akaweka kijiko chini na kumwambia binti yake kwamba asijisumbue kutafuta pa kuanzia.

"Nilikuwa najua," alisema. "Mwaka mzima na nusu unakula meza moja na huyu kijana, sijakusikia ukimwita hata mara moja. Humwiti ito, humwiti jina. Ukitaka chumvi unasema nisogezewe chumvi, kama unaongea na ukuta."

"Bapak, nisamehe," Widagdo alisema. Kichwa kilikuwa kimeinama mpaka karibu na sahani.

"Nani alikuvika ulos?"

"Ni Bapak."

"Nilikulazimisha?"

"Hapana."

"Ulijua maana yake?"

"Nilidhani ni heshima. Kama maua wanayompa mpigaji onyesho likiisha. Maana yenyewe nilikuja kuielewa baadaye, Bapak ulipoanza kunipigia simu kila Ijumaa kuniuliza kama nimekula."

Mzee aligeuza uso akatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa jirani. "Basi tulikosea wote wawili," alisema. "Wewe ulidhani umepewa maua, na mimi nilidhani nimepata mtoto."

Lamria alisema yale aliyoyapanga kuyasema. Kwamba hawana damu moja. Kwamba shangazi yake, Namboru Rosinta, ameshazungumza na mumewe, na mume yuko tayari kumpa Widagdo ukoo wake yeye, kama inavyofanywa kwa wageni wote wanaooa Wabatak. Kilichobaki ni Sihotang kumtoka. Alisema haraka haraka, na Mamak akawa anakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kitabu cha msimu kinatoka lini?" aliuliza.

"Siku ya onyesho la kwanza. Jumapili ile nyingine."

"Mwaka jana kilikuwa na jina lake. Nilikipeleka kanisani, kikashikwa na kila mtu mpaka jalada likachakaa. Kwa hiyo tusizungushane." Alimgeukia Widagdo. "Likitoka bila Sihotang, nitajua umenirudishia ulos yangu. Utakuja hapa kama kijana yeyote anayetafuta mke, shemeji yangu atakupa ukoo wake, nami nitamtoa binti. Sitaweka pingamizi, neno langu hilo. Likitoka na Sihotang, wewe ni mwanangu na huyu ni dada yako, na habari hii tumeimaliza leo hapa mezani."

"Nikiwa mkwe, Bapak, si bado nitakuwa nakuja?"

"Utakuja, mbona. Mkwe ana kazi zake." Mzee alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomkata Lamria maini. "Siku ya msiba wangu mkwe atabeba maji na kugawa chakula. Mwana ndiye atakayenizika."

Ndiyo maana, karatasi ilipowekwa juu ya stendi yao asubuhi hiyo, Widagdo hakuigusa. Lamria aliitazama penseli ikiwa nyuma ya sikio la mwenzake, anakoiweka siku zote, akangoja. Watu wa stendi ya nne wakaanza kunyoosha shingo. Widagdo akaichukua karatasi, akainuka, akatoka nayo kwa mlango wa nyuma. Lamria akamfuata.

Alimkuta kwenye ujia wa masanduku ya vyombo, amekaa juu ya sanduku la besi, karatasi imelala magotini. Joto la Medan lilikuwa limeingia huko ndani na halikupata pa kutokea.

"Kata, Mas," Lamria alisema.

"Nitakata."

"Sasa unangoja nini?"

"Nafikiri tu jinsi ya kumwambia. Asije akaliona kwanza kwenye kitabu. Si vizuri mtu mzima aone kitu kama hicho mbele ya watu."

"Yeye mwenyewe ndiye aliyesema ataona kwenye kitabu. Ametupa njia, Mas. Unajua wazee wangapi wa kwetu wangetupa njia? Wengine wangeshanifungia ndani."

"Najua. Ndiyo maana inakuwa ngumu." Alipangusa jasho usoni kwa kiwiko. "Angetukana ningekata palepale mezani."

Lamria alijua anapaswa kunyamaza. Lakini alikuwa mtu wa Medan, na watu wa Medan wakiumia husema. Alimwambia kwamba wao Wajawa wakitaka kusema hapana husema ndiyo mara tatu. Alimwambia amechoka kushikwa mkono kwenye ujia kama mwizi. Ana miaka ishirini na saba, na kila harusi ya ukoo wanamsimamisha kando ya Widagdo kwenye picha, kaka na dada, tabasamu. Widagdo alisikiliza yote kichwa kikiwa chini, na utulivu ule ulimtia Lamria wazimu.

"Sema kweli," alisema mwishowe. "Unampenda baba yangu kuliko unavyonipenda mimi."

Widagdo aliinua macho. Hakuonyesha hasira. Alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mkono anaoujua, na Lamria akatamani angeweza kulirudisha lile neno kinywani.

"Si kuliko," Widagdo alisema. "Lamria, mimi sijawahi kuwa na mtu wa kuniuliza kama nimekula. Bibi alikuwa hasikii wala hasemi sana. Nilipokuja hapa nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mzee mmoja nisiyemjua akanipigia simu kunigombeza kwa nini nimekonda. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Nikifuta hili jina, wewe utabaki na baba yako. Mimi ndiye sitabaki naye. Nataka ujue tu kwamba najua bei yake, na nakata."

Akaichukua penseli nyuma ya sikio. Akapiga mstari mmoja juu ya neno Sihotang, mwembamba sana, akatia saini.

Walirudi ukumbini, wakawangoja wa stendi za nyuma watie saini, kisha wakampelekea Ci Meilan mezani kwake. Aliisogeza karatasi karibu na miwani, kisha karibu na dirisha.

"Widagdo, hii ni kukata au ni uchafu tu?"

Widagdo aliuangalia mstari wake. Ci Meilan akangoja. Hakuwa na nia mbaya maskini, alitaka kitabu kisitoke na kosa.

"Ni kukata, Ci," Widagdo alisema.

Siku zilizofuata zilikuwa za mazoezi, asubuhi na mchana. Lamria aliamka kila siku akijiambia kwamba sasa ana haki ya kufurahi. Alikuwa amepata alichokitaka. Widagdo alimletea kahawa, alikunja pembe za kurasa, alimtabasamia. Kitu kimoja tu kilibadilika, naye alikuwa na hakika hakuna mwingine aliyekiona. Widagdo alianza kuweka simu yake juu ya kiti, kando ya paja, uso juu, hata wakati wa mazoezi.

Ijumaa ya mwisho kabla ya onyesho simu iliita. Alitoka kupokea, akarudi baada ya dakika mbili.

"Amesemaje?" Lamria alinong'ona.

"Ameuliza kama nimekula. Na kama ukumbini kuna baridi, nivae fulana ndani ya koti."

"Hajauliza juu ya kitabu?"

"Hajauliza."

Jumamosi Lamria alikwenda kwao. Mzee hakuwapo, alikuwa ametoka kwenda kunyoa. Mamak alikuwa akipiga pasi batiki ya mumewe, ile nzuri ya harusini, na bila kuinua uso alimpa habari kwamba baba yake amenunua tikiti kumi na nne. Baba mkubwa anakuja, wajomba wanakuja, Namboru Rosinta na mumewe wanakuja, na wazee wawili wa ukoo kutoka Samosir wameshafika tangu jana. Amewaambia wote anakwenda kuwaona watoto wake wawili.

"Wawili, amesema?"

"Amesema wawili." Pasi ilikwenda na kurudi. "Mmeandikaje?"

"Utaona kesho, Mamak."

Mamak aliisimamisha pasi. Alikuwa mwanamke asiyehitaji kuambiwa jambo mara mbili, na safari nyingine hata mara moja. "Mimi nataka uolewe na unayempenda, mwanangu," alisema. "Sitakuwekea kigingi. Ila usiniulize nitafanya nini na yule mzee."

Onyesho lilianza saa kumi jioni ya Jumapili, watu wengi wakitoka kanisani na bado wamevaa za kanisani. Nje mvua ilikuwa imeshapiga na kukatika. Lamria alikaa kitini pake, kingoni mwa jukwaa, akaweka chelo mahali pake, na alipoinua macho akawaona.

Walikuwa mstari wa pili, wote kumi na wanne. Baba yake alikaa katikati, amenyolewa vizuri, kalamu kwenye mfuko wa shati kama ilivyokuwa siku zote za ukarani wake. Kitabu cha msimu kilikuwa magotini, kimefungwa. Alikuwa akimtazama Widagdo na kutabasamu. Aligusa kifua chake kwa kidole, kuuliza kama fulana imevaliwa. Widagdo aliitikia kwa kichwa.

Zumari ikatoa sauti moja, nyuzi zote zikajilinganisha nayo. Katikati ya kelele ile, Mzee Parlindungan alifungua kitabu.

Lamria aliona kidole chake kikishuka kwenye orodha. Kikapita fidla za kwanza, kikapita za pili. Kikafika kwenye chelo, kikashuka polepole, kikasimama. Kilikaa pale. Kisha kikapanda juu kabisa ya orodha kikaanza kushuka upya, kama vile safari ya kwanza kilikosea njia, na kikasimama palepale.

Kiongozi wa orkestra aliingia, watu wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Taa za ukumbi ule hazizimwi zote, hupunguzwa tu, na Lamria aliendelea kumwona. Simfonia ikaanza, ndefu, ya kizamani, ikianza na chelo chini kabisa. Mikono yake ilijua kazi. Macho yalikuwa kwa baba yake.

Alikuwa ametoa neno lake, na Lamria alimjua: neno la mzee yule halikuwa na mlango wa nyuma. Sasa angefunga kitabu. Angekaa mpaka mwisho, angewapa mkono wote wawili, na siku ya posa angepokea alichotakiwa kupokea. Hakuna mtu ambaye angewazuia. Wiki nzima Lamria alikuwa akiingoja dakika hii kama mtu anayengoja kutolewa jino, ithibitike, ipite.

Mzee Parlindungan alitoa kalamu mfukoni.

Alikiweka kitabu vizuri juu ya goti, akainama mpaka miwani ikakaribia karatasi, akaandika. Aliandika polepole, herufi kwa herufi, kama alivyokuwa akiandika mizigo ya meli. Hata kwa mbali Lamria alihesabu. Herufi nane. Alipomaliza alipuliza wino ukauke.

Baba mkubwa alichungulia, akafungua kitabu chake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa kuudhika na hao watu wa ofisini wasiojua kuchapa, akaomba kalamu. Akaandika. Akampa mjomba. Kalamu ikaenda mstari ule mzima, mkono kwa mkono, vitabu vikifunguliwa magotini kimoja baada ya kingine. Wale wazee wa Samosir walisaidiana, mmoja akionyesha mahali, mwingine akiandika. Ilipofika kwa Namboru Rosinta, aliyejua kila kitu, aliishika kalamu muda, akamtazama kaka yake. Mzee hakumtazama. Alikuwa ameshafunga kitabu, amekifunika kwa viganja viwili, na anatazama jukwaani, machozi yakimtoka waziwazi, na bado anatabasamu, kwa sababu watoto wake walikuwa wanapiga.

Namboru Rosinta aliandika.

"Lamria," Widagdo alinong'ona kando yake, uta ukienda. "Mzee anaandika."

"Nimeona."

"Ameniandika tena."

Sauti yake ilikuwa ya kitoto. Lamria aligeuza jicho akamwona, na alichokiona ndicho kitakachokaa naye maisha yote. Widagdo hakuwa na huzuni. Uso ulikuwa umelowa, midomo ikimcheza, na ndani yake kulikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha, furaha ya mtu aliyefikiri mlango umefungwa nyuma yake akausikia ukifunguliwa. Kisha akakumbuka, akamtazama Lamria, na furaha ile ikaona haya.

Wakati huohuo Lamria alijua kwamba angeweza. Angeweza kumchukua, na Widagdo angekuja, kwa sababu alishakata na hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Angekuwa mume mwema. Angemletea kahawa kila asubuhi. Na kila Ijumaa angeweka simu mezani, uso juu, akijua haitaita, na Lamria angekuwa anaiona. Aliwaza hayo yote huku vidole vikikimbia, na moyo ulimuuma uchungu halisi, wa mahali panapoonyesheka kwa kidole.

Ukurasa ulikuwa unakwisha. Mstari wa mwisho, vipimo sita vya muziki vimebaki. Kwa kawaida mkono wa Widagdo huwa umeshaanza kunyanyuka hapo. Haukunyanyuka. Alikuwa amepotea, macho yako mstari wa pili, uta unakwenda wenyewe.

Vipimo vinne.

Lamria alifungua mdomo kumwita. Neno alilolizoea lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno, fupi, tamu, la mwaka mzima na nusu. Akalimeza. Likashuka vibaya.

Vipimo viwili.

"Geuza, ito," alisema.

Widagdo alishtuka kama aliyeguswa na umeme. Hakugeuka kumtazama. Alikaa hivyo kwa urefu wa kipimo kimoja, kisha mkono ukainuka, ukapita mbele yake kama ulivyopita siku zote, ukaishika ile pembe aliyoikunja mwenyewe asubuhi, ukageuza.